Mfuko wa Mbegu wa Mama

Mfuko wa kwanza niliushona vizuri kuliko wa pili, na ndio uliomnyima mama raha. Ulikuwa wa turubai, una mfuniko wenye vifungo viwili, na mbele yake nilitarizi ua jekundu kama masista walivyotufundisha shuleni. Niliufunga nyuma ya kiti chake cha magurudumu, kwenye vishikio vya kusukumia, nikarudi nyuma kidogo kuutazama. Sikumbuki kitu kingine nilichokishona kikanipendeza vile.

Nimehamahama sana tangu wakati huo. Nimeishi Tanga, Morogoro, Mwanza, na mahali pengine ambako sikukaa hata nikayajua majina ya majirani. Katika vyumba vyote hivyo, mvua ya kwanza ya masika ikinyesha, pua yangu hurudi jikoni kwetu, kule juu kwenye njia ya Mtae, ambako mama alitundika mahindi ya mbegu juu ya meko mpaka maganda yakawa meusi kwa moshi. Maharage aliyachanganya na majivu akayatia kwenye vibuyu. Wadudu hawakuyagusa.

Kwa hiyo kijiji chetu kilipoingia katika ujamaa na kufungua shamba la pamoja bondeni, hakuna aliyeuliza mbegu zikae kwa nani. Zilikaa kwa mama. Siku ya kupanda, wanawake walipita mbele yake mmoja mmoja, kila mmoja akakinga viganja viwili, mama akamtazama usoni, ndipo akammiminia. Ilikuwa lazima watazamane. Na ilikuwa mwiko kusema asante. Mbegu, au mbeyu kama tulivyosema nyumbani, haishukuriwi. Ukishasema asante jambo limekwisha, na mbegu ndiyo kwanza inaanza. Aliyepewa alifumba mkono tu, akaenda kwenye mstari wake.

Nilikuwa namalizia sekondari mama alipoteleza mtelemkoni akiwa na mzigo wa kuni. Mgongo uliumia, na miguu haikurudi tena. Alikaa hospitali muda mrefu, akarejea na kiti cha chuma, kizito, chenye mikono ya mbao iliyolainishwa na watu waliokikalia kabla yake. Milima yetu haikuumbwa kwa ajili ya magurudumu. Baba alichimba upya njia ya kutoka uani hadi barabarani, akaizungusha ubavuni mwa mlima ili isiwe kali, na jioni nyingi nilimwona anakwenda na kurudi juu yake, anaishindilia kwa miguu yake mwenyewe.

Sikumsikia mama akililia miguu. Kilichomtisha kilikuja na wageni. Masika yalipokaribia, wanawake wenzake walikuja kumjulia hali, na katika mazungumzo mmoja wao, mdogo wake kwa umri, akasema kwa upole kwamba mwaka huu dada apumzike. Mbegu ziwekwe kwenye gunia stooni, kila mtu achote mwenyewe. Wengine wakaitikia. Walisema kwa huruma, na huruma ni ngumu kubishana nayo. Mama aliwajibu kwamba siku ya kupanda atakuwapo. Walipoondoka aliniomba nimshonee kitu cha kubebea mbegu, kwa sababu akizipakata mapajani zingemwagika kila gurudumu litakapogonga jiwe.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa na cherehani ya mkono. Turubai ilivunja sindano yake siku ileile ya kwanza, na akanifukuza nayo mlangoni. Nikashona kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na uzi wa katani niliousugua nta ya nyuki ili usifumuke. Vidole vyangu viliota sugu. Mama alinitazama nikishona, akasifu mishono yangu, na ua alilipenda kweli. Nilipoufunga mfuko nyuma ya kiti alisema vema, tutaona.

Siku ya kupanda mahindi tulimteremsha bondeni asubuhi, baba akishika nyuma na mimi mbele. Ukungu ulikuwa haujainuka. Shangazi alikwisha kufika, ameegemea jembe, na kwa kuwa yeye na mama walikuwa mawifi, hawakuwahi kuonana bila kuchokozana. Akamuuliza kama leo amekuja na motokaa, basi ampakie naye wakati wa kurudi.

“Wewe ukipanda, wifi,” mama akamwambia, “hata barabara itapasuka.”

Watu walicheka, na nikadhani mambo yamekuwa mazuri. Kisha kazi ikaanza. Wanawake walikuja kuchukua mbegu, na kwa kuwa mfuko ulikuwa nyuma, walikwenda nyuma. Walifungua vifungo, wakachota, wakafunga, wakaenda zao. Hawakutaka kumsumbua mgonjwa. Wengine walimwamkia shikamoo wakiwa tayari wameinamia mfuko, na mama akaitikia marahaba akiitazama milima. Aligeuza shingo upande huu, akaigeuza upande ule. Aliona kanga zinapita. Kabla ya adhuhuri mfuko ulikuwa mtupu na hakujua nani amechukua kiasi gani, wala nani hakupata.

Tulipofika nyumbani alikaa uani bila kutaka kuingizwa ndani. Nilimletea chai. Aliishika tu.

“Punda naye hubeba hivi,” alisema. “Watu wanapakua mgongoni, yeye anatazama njia.”

Akanishika mkono, ule wenye sugu, akaukunjua.

“Mwanangu, umeshona vizuri. Lakini umemshonea anayesukuma. Mimi niliyekaa haunifikii.”

Maharage yalikuwa yapandwe baadaye, mahindi yakishachomoza. Lile wazo la gunia lilikuwa limerudi, na safari hii hata mwenyekiti wa kijiji alikuwa amelisikia na kuliona jema. Ikiwa siku ya maharage ingepita kama ya mahindi, kazi ya mama ingekwisha bila mtu yeyote kumwondoa.

Nikaukata mfuko. Ua lilikatika katikati na sikujaribu kuliokoa. Safari hii sikupima kiti, nilimpima mama. Alinyoosha mkono wa kulia mpaka mahali kiganja kilipotua bila bega kuinuka, baba akaweka alama ya mkaa hapo kwenye mbao, akatoboa matundu kwa msumari wa moto. Mdomo wa mfuko tuliufanya mpana wa kupitisha ngumi iliyojaa, kwa sababu mama alisema mkono unaingia mwembamba na kutoka mnene. Mfuniko ulifungukia kwake, si nje. Mishono ilikuwa mibaya. Turubai ilikwisha, nikaunga kipande cha suruali kuukuu ya baba, ya kaki.

Tulipoujaza maharage na kukijaribu kiti kwenye njia, kiti kikalalia upande wa kulia kama mtu mwenye jipu. Mama akashika mbao kwa mikono miwili. Baba akakirudisha uani, akafikiri, akaokota jiwe. Ikabidi nishone mfuko mwingine wa upande wa kushoto, wa kubeba jiwe. Shangazi aliyekuja kuazima chumvi alisema haiwezekani mtu mzima atembee na jiwe mfukoni kama mtoto mchunga mbuzi, akalitoa, akaweka kibuyu cha maji na kikopo chake cha ugoro. Kiti kikalala tena. Jiwe likarudi, na ugoro nao ukabaki humohumo.

Shangazi akasogea nyuma, akaitazama mifuko miwili, mmoja huku, mmoja kule.

“Sasa hii, wifi, ni shogi kamili.”

Shogi ni ule mfuko wa pande mbili anaotandikwa punda. Baba alinitazama, nami nikatazama chini. Shangazi hakuwapo siku ile uani, hakujua alichokigusa. Mama alipeleka mkono kwenye mfuko wa kulia, akafungua mfuniko, akachota, akafunga. Akarudia. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu atoke hospitali.

“Ni shogi,” alisema. “Lakini punda huyu mikono yake inafika.”

Tangu siku hiyo hatukuuita jina lingine.

Siku ya maharage mvua ilikuwa imepita usiku na bonde lilinukia udongo. Baba alikiweka kiti mwanzoni mwa shamba, akaziba magurudumu kwa mawe, akaenda kwa wanaume wenzake. Nilisimama mbali kidogo na jembe langu. Wa kwanza kuja alikuwa yule aliyesema habari za gunia. Alikuja kwa nyuma, kwa mazoea tu, mkono wake ukapapasa mgongo wa kiti na kukuta turubai ya kiti chenyewe, hakuna mfuko. Akasimama. Mama hakugeuza shingo. Alikuwa ametulia, mkono juu ya mfuniko. Yule mwanamke akazunguka taratibu mpaka mbele, akapiga goti kidogo.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Kinga mikono.”

Akakinga. Wakatazamana. Maharage yakaingia kwa sauti ndogo kama mvua ya kwanza kwenye jani la mgomba. Akafumba, akaenda, na nyuma yake wengine walikuwa wamekwisha kujipanga, akiwemo shangazi, ambaye alipofika mbele alikinga viganja kwa heshima kubwa kisha akaomba pia ugoro wake. Habari za gunia sikuzisikia tena.

Mimi niliondoka mwaka uliofuata. Nilisema nakwenda Tanga kutafuta kazi, na ilikuwa kweli, ingawa ningekwenda hata bila kazi. Mama alinisindikiza kwa njia ile ya baba hadi barabarani, shogi likiwa pande zote mbili. Basi la kushuka Lushoto lilisikika kabla ya kuonekana, likiunguruma konani. Nilianza kuagana naye maneno mengi. Akanikatiza.

“Weka mzigo chini. Kinga mikono.”

Hakuwahi kunigawia. Siku za kupanda nilikuwa shuleni, au nilikuwa msukuma kiti. Nikaweka sanduku kwenye nyasi, nikakinga viganja viwili. Alinitazama usoni kwa muda mrefu kuliko alivyowatazama wengine, nami nikamtazama. Kisha mkono wake ukaingia mwembamba, ukatoka mnene.

Maharage yale, na watoto wake, na wajukuu wake, nimeyapanda kwenye makopo nyuma ya vyumba vya kupanga katika miji mingi. Mara nyingi nilihama kabla hayajachanua, nikawaachia majirani.

Siku ile barabarani, neno lile la mwiko lilikuwa limefika mdomoni. Nikalimeza, nikafumba mikono. Dereva akapiga honi. Nilipopata kiti dirishani, mama alikuwa anafunga mfuniko, na baba anakigeuza kiti kuelekea bondeni, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na kulikuwa na watu wanamngoja.