Fundo Nisilolipuliza

Ti. Hivyo tu, ndogo. Ni waya wa risasi ukigusa kitako cha bakuli la bati lenye maji. Mpaka leo nikisikia kijiko kikigonga bakuli la namna ile, shingo yangu yageuka yenyewe.

Bakuli lilikuwa la memsabu mmoja wa Diani, mjane mzee niliyekuwa nikimfagilia nyumba mwaka ule wa uhuru. Kazi yake ilikuwa kutengeneza chambo cha kuvulia trauti, samaki wa mito ya baridi huko bara milimani. Si chambo cha nyama. Ni ndoana ndogo kama ukucha wa paka, iliyovishwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na mtoto wa mdudu aishiye chini ya mawe ya mto. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Siku moja aliniona kibarazani nikisuka ukili wa mkeka, akanishika vidole akavitazama kama mtu achaguaye bamia sokoni. Kesho yake nikaketishwa mezani.

Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini kazi ile niliielewa upesi. Kwanza wachagua mto, ndipo uchague mdudu. Ndoana waibana kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania kilichofungwa mezani. Maji yaendayo kasi yataka mdudu mzito, mizungusho minane ya waya wa risasi. Maji ya kidimbwi, minne yatosha. Juu ya risasi wafunika manyoya ya sungura, mgongoni unyoya wa kanga, yule ndege, kisha wafunga kichwa. Mwenye risasi nyingi hufungwa uzi mwekundu ili mvuvi amjue, maana kwa nje wote ni sawa. Halafu tone la vanishi juu ya fundo, wapuliza likauke. Mwisho wamtia bakulini. Akizama moja kwa moja, ti, amefaulu.

Nasema kweli, sikuamini sana. Samaki mwenye madoadoa kama chui, anayekula nywele? Memsabu alinionyesha picha, lakini picha ni picha. Hata hivyo nilipenda kujiona nimevaa koti, nimesimama kando ya mto wa baridi, na trauti anakuja kumla mdudu wangu mimi.

Baadaye memsabu akaniruhusu kwenda na kazi nyumbani. Hapo ndipo nilipokosea.

Nilikuwa nikiishi na nyanya yangu, sisi wawili tu, na sikuwa na mtu mwingine wa kunipenda vile. Aliniita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu, leo wampikia nini bwana yetu?" Na babu alikuwa amekufa zamani! Basi mchana nikakaa uani, nimeibana ndoana kwenye kijiti cha mkorosho nilichokipasua, nikawa nafunga huku nikihesabu kwa kunong'ona.

Jumatatu nyanya hakula wali wangu. Alisema amefunga sunna. Sawa. Jumanne akasema tumbo. Jumatano amefunga tena, lakini nilipompa shikamoo, marahaba yake ikatoka na harufu ya mahamri. Mahamri ya nani? Na sasa aliniita kwa jina langu. Asubuhi nilimwona akizichomoa nywele zake kwenye kitana, moja moja, akazichoma jikoni huku akinitazama.

Nami nikaanza kumshuku. Nikadhani amepokea posa yangu kwa siri, na sasa anakula kwa hao waposaji. Nikamwendea jirani yetu, muuza mahamri.

"Nyanyako ala kwangu siku tatu sasa," akasema, akicheka. "Mwaka huu wazungu waondoka, asema huyo memsabu wako amekuachia uganga. Asema hali cha mtu apulizaye mafundo."

Ile sura fupi ya Kurani niliisoma chuoni tangu utotoni, tukiomba kinga na wachawi wapulizao mafundoni. Na mimi nilikaa uani mchana kweupe, nywele mkononi, uzi mwekundu, nikinong'ona na kupuliza!

Nilimkuta nyanya kwenye mkeka.

"Nyanya, mimi si mchawi."

"Nimesema?"

"Wala kwa jirani."

"Mahamri yake matamu." Akatazama pembeni. "Hizo nywele za nani?"

"Za sungura."

"Sungura mwenye mvi?"

"Wa Ulaya, nyanya."

"Na risasi mbona mwaificha? Kitu cha halali chafichwa?"

"Ili samaki asiione."

"Samaki! Mimi nimekula samaki tangu sina meno mpaka sina meno tena, sijamwona alaye nywele."

Nikamchukua mdudu mmoja, nikamfumua mbele yake kwa sindano. Nikapanga kwenye ungo: uzi, unyoya, manyoya, waya. Waya akaunyoosha, akaujaribu kwa ufizi.

"Na mdomoni wasoma nini?"

"Nahesabu mizungusho."

"Hesabu nisikie."

Nikahesabu moja mpaka nane. Alisikiliza kama mwalimu wa chuo anayengoja ukosee.

"Na kupuliza?"

"Vanishi ikauke."

"Upepo wote huu wa Mungu, na bado wataka wa kinywa chako?"

Jioni nikapakua wali. Alingoja nile kwanza, matonge matatu, macho yake kwenye koo langu. Kisha akamega lake, dogo, akalitafuna muda mrefu. Lakini hakuniita mke mwenzangu.

Kesho yake memsabu alikuwa amelala ndani. Kibarazani hapakuwa na jirani wala nyanya. Nikamfunga mdudu wa maji ya kasi, nikahesabu kwa sauti mpaka nane, nikatia tone la vanishi. Midomo ikajikunja yenyewe kupuliza. Nikaifumba. Nikaligeuza jiliwa lielekee baharini, nikakaa mikono magotini mpaka upepo ulipolikausha fundo.