Nilivyochagua mgahawa wa kishua Kamina, mama mkwe akatoka na njaa

Wakuu, heshima zenu. Wa kumwamkia shikamoo humu ndani sidhani kama nimebakiwa naye, kwa hiyo niamkieni nyie, nitaitikia.

Naona kila wikiendi mnaulizana mgahawa gani wa kishua wa kumpeleka mtu mkienda kula bata mjini. Mnabandika picha za sahani, mnabishana. Nikasema ngoja na mimi mzee nilete la kwangu. Sitaongeza chumvi hata chembe, maana mbaya wa kisa hiki ni mimi mwenyewe.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mimi ni Mluba wa Katanga, kule Kongo, ingawa nimezeekea Kigoma. Mwishoni mwa miaka ya hamsini, Mbelgiji bado yupo, nilikuwa karani Malemba-Nkulu. Nimesoma kwa Wamethodisti, nina tai tatu, na nina ile kadi ya évolué, ambayo serikali ilimpa Mwafrika aliyehesabiwa kuwa amestaarabika. Walikuwa wanakuja kukagua nyumba mpaka choo ndipo upewe. Msinicheke, wakati ule tuliililia.

Nilikuwa nimemuoa Numbi, hata mwaka haujaisha. Mama yake, Mama Kabange, alikuwa mjane wa Kinkondja, kule Ziwa Kisale. Kazi yake kukausha samaki. Moshi ulikuwa umemharibu macho.

Nikapata likizo. Nikamwambia Numbi twende Kamina tukale maisha. Kwetu sisi watu wa mtoni Kamina ndiyo ilikuwa Ulaya: stesheni, umeme, maduka makubwa, na wazungu wa base ya jeshi wakishuka mjini na wake zao.

Numbi akaniomba kitu kimoja tu, kwa Kiswahili chetu cha Katanga.

"Tumubebe na mama. Minyi nataka akae pa meza, bantu bengine bamupikie, bamuletee. Siku moya tu. Tangu azaliwe, njo yeye anapikia bantu."

Nikakubali kwa moyo mweupe. Hapo nilikuwa bado sijaharibu.

Sasa niwaeleze mila kidogo. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawali wakionana. Akuone unatafuna, au wewe umuone yeye, ni aibu kubwa kama kukutana bafuni. Hakuna chuki hapo, ni heshima. Na jambo lenyewe lina njia ya kulimaliza: mkwe anatuma kuku na kitenge kwa mkono wa shangazi yake, mama mkwe anampika yule kuku, mnakula wote mbele ya mashahidi. Basi. Kuanzia siku hiyo mnakula pamoja bila shida.

Mimi sikuwa nimetuma kuku. Nilijiona msomi sana kwa mambo ya kuku.

Tukapanda meli Malemba, tukampitia mama Kinkondja, tukashuka Bukama na kushika treni. Njia nzima mama alijifunika kitenge upande wangu. Nikila anageuka, akila nageuka. Hakuna aliyeumia, tulishazoea.

Kamina tukafikia kwa binamu yake Numbi. Ijumaa nikatoka peke yangu kukagua migahawa. Nyie mnaangalia menyu na bei. Mimi nilikuwa natafuta mahali pazuri ambapo mama mkwe atakula bila kuniona.

Wa kwanza ulikuwa hoteli karibu na stesheni. Ukumbi mmoja, meza zote zinatazamana. Nikatoka.

Wa pili ulikuwa wa Mgiriki mmoja. Vyumba viwili, katikati pazia zito. Kuku wa kuchoma, wali, na samaki ambaye naapa alitoka ziwa letu, ila alikuwa amemwagiwa siagi. Nikamweleza Mgiriki shida yangu, akaelewa mara moja. Alikuwa ameishi na sisi siku nyingi.

"Mama atakaa kule nyuma ya rido," akasema, akishika lile pazia. "Hakuna muntu atamuona."

Wakuu, jibu nilikuwa nimeshalipata. Lakini vitambaa vya meza vilikuwa vya maua, na kwenye kona walikaa madereva wa malori wanakula kwa kelele. Mimi na kadi yangu nile na madereva? Nikasema nitarudi. Sikurudi.

Wa tatu ulikuwa wa Mreno. Vitambaa vyeupe, visu vitatu kwa kila sahani, mhudumu amevaa glavu. Aliniita monsieur. Ukuta wa mbele wote ulikuwa vioo vya kujitazama, kuanzia kiunoni mpaka karibu na dari. Nikasimama pale nikaweka tai sawa. Nikajipenda.

Nikaagiza meza mbili kwa Jumamosi mchana. Mama na Numbi mbele, wakitazama ukuta. Mimi meza ya nyuma, nione migongo yao tu. Ningeweza kuwapa mgongo, mambo yakaisha. Lakini nilitaka nijione nikila kwa visu vitatu. Nawaapia, haikunijia hata kidogo kwamba kioo kinachonionyesha mimi kitamuonyesha na yeye.

Jumamosi mama alivaa viatu vya Numbi. Aliingia ameinamisha kichwa, akakaa ukingoni mwa kiti. Mhudumu alipomtandikia kitambaa mapajani akacheka kama msichana. Supu ikaja, akainywa macho yakiwa kwenye bakuli. Numbi alikuwa anajifuta machozi kwa furaha.

Nyama ikaletwa. Mama akatia kipande mdomoni, akaona kizuri, akainua uso atazame mahali alipokaribishwa.

Tukakutana macho kwenye kioo, wote wawili midomo imejaa.

Aliitoa ile nyama taratibu akairudisha kwenye sahani. Akavuta kitenge kichwani.

"Numbi, nilishashiba, mwanangu."

Akatoka kwa mlango wa jikoni. Numbi akageuka akanitazama, kisha akamfuata.

Na mimi je? Nilibaki. Wazungu wa meza za jirani walikuwa wananiangalia, nikaona aibu kuinuka. Nikamaliza nyama yangu. Nikaletewa na pudingi ya karameli, nikala yote. Hiyo pudingi ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Jioni Numbi akaniambia.

"Unajua nilimukuta anafanya nini kule nyuma? Anamenya viazi na mupishi. Siku yake moya, njo hivi ulimupatia."

Mama alirudi kwao na treni ya Jumapili. Kwa heshima yake aliacha ujumbe kwa binamu: hana kinyongo, nitume kuku tu, tuanze upya.

Kuku mmoja, wakuu.

Nikakataa. Nikasema mtu wa masomo hatumi kuku kwa sababu ya kioo. Nikayaita mambo ya washenzi, na mke wangu amesimama pale anasikia.

Numbi akapata mimba, akajifungua. Kwetu mtoto wa kwanza anaogeshwa na bibi mzaa mama, lakini kwa aibu ile mama asingeweza kuingia nyumbani kwangu. Alituma samaki wakavu kwa meli, na shanga za kiuno za mtoto. Numbi akaniomba kuhusu kuku mara mbili. Mara ya tatu hakuomba tena, nikadhani nimeshinda.

Mvua zilizofuata, Mama Kabange akafariki. Hakuwahi kumshika mjukuu wake.

Nilikwenda Kinkondja na Numbi na mtoto, na shangazi yangu, na kitenge kipya, na kuku mkubwa kuliko wote niliompata Malemba. Nilikuwa nalia njia nzima. Dada wa marehemu akatupokea nje ya nyumba ya msiba. Akamtazama kuku, akanitazama mimi. Hakunitukana, wala hakupandisha sauti.

"Sasa kuku hii, baba, nani atakupikia?"

Numbi akapita kati yetu na mtoto mgongoni, akaingia ndani.

Tuliishi miaka mingi baada ya hapo, tukapata watoto saba. Alisema amenisamehe na nadhani ni kweli. Lakini mgahawani hakukaa tena na mimi maisha yake yote. Nikimwalika ananiambia, "Enda weye." Nilikwenda mara mbili tatu peke yangu, nikaacha.

Somo langu ni fupi. Mgahawa mzuri ni ule ambao uliyempeleka anaweza kumeza. Mgiriki alikuwa na pazia, mimi nikalikataa kwa sababu ya maua kwenye vitambaa. Najuta, wakuu, sina neno lingine.

Wa kunisema aniseme, nipo nasoma. Na wenye mila kama hii kwenu, leteni mnavyoimaliza.

Ila kama mama mkwe wako bado yupo, na kuna jambo dogo unamnyima kwa kiburi tu, usianze kwa kunijibu mimi. Anza na yeye.