Mnunuzi wa Kahawa

Miaka ya tisini nilikuwa rubani wa ndege ndogo ya kampuni, na kazi yenyewe hasa ilikuwa kungoja. Bosi wangu alisema ananunua kahawa. Tukishatua kwenye uwanja wa nyasi kule Ihanda, alipanda gari akaelekea Murongo, mpakani, mimi nikabaki kufukuza mbuzi wasikalie njia ya kurukia. Jioni alirudi na magunia yaliyoshonwa midomo. Nikimwuliza uzito, alijibu, "Mepesi tu." Lakini ndege haidanganyi. Ilikuwa inakimbia uwanja mzima ndipo inanyanyuka.

Jioni moja tukipakia magunia, mama mwenye migomba kando ya uwanja alituletea kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile wanayoichemsha na kuikausha kwa ajili ya wageni. Nikampa shikamoo, nikachota, nikatafuna. Bosi aliokota punje moja, akaigeuzageuza, akaninong'oneza, "Kapteni, hizi mbegu za nini?"

Niliyatazama magunia yake, nikamwuliza yana nini.

"Si nimekwambia, kahawa."

Nikamwuliza ameijuaje.