Mlango Uliotazama Ndani

Mke wangu alipotoka hospitali akiwa hai, na tumbo lina mshono, nilimwahidi Mungu mlango. Kanisa letu la mabati pale Mbotela, lisilo na dirisha ila matundu ya hewa, lilizibwa mlangoni kwa gunia, na mimi nilikuwa seremala. Siku hizo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Mhindi mmoja niliyemtengenezea rafu za duka alikuwa akibomoa nyumba ya marehemu baba yake. Akanipa mlango wa mvule wenye komeo la chuma kwa ndani, na kwa nje neno lililochongwa kwa maandishi yao.

"Vaikuntha," akanisomea. "Kwa Mungu, juu kabisa. Mahali pasipo kizuizi wala wasiwasi."

Nilishukuru. Wazee wenzangu wa kanisa walikaa kikao cha saa tatu nzima.

"Hiyo ni mbingu ya nani?" akauliza mwenyekiti.

"Ya Mungu."

"Mungu yupi? Mzee, watu watapita hapa wavue viatu kama Wahindi hekaluni!"

"Lipigwe randa lifutike," akasema mweka hazina.

Nikakataa, sadaka haichunwi ngozi. Lakini moyoni niliogopa. Wakiukataa mlango, shukrani yangu ningeipeleka wapi?

Mwishowe wakaamua ugeuzwe, neno litazame ndani, tuweze kulichunga. Niliwaonya kwamba komeo nalo litakuwa nje.

"Komeo si fundisho la imani," akajibu mwenyekiti.

Jumapili, katikati ya mahubiri, upepo ukaubamiza mlango. Komeo likaanguka likajifunga lenyewe huko nje. Tukasukuma, tukapiga mabati, tukaita. Wapita njia wakadhani tumeshukiwa na Roho. Wengine wakatupigia makofi. Jua likapanda. Kina mama wakakumbuka maharagwe waliyoacha jikoni. Mwenyekiti, akitiririka jasho, akabaki kulikodolea macho lile neno.

"Mzee," akaniuliza polepole, "ulisema maana yake nini?"

"Mahali pasipo kizuizi wala wasiwasi."

Kisha mke wangu, aliyekatazwa kucheka kwa ajili ya mshono, akashika tumbo akacheka. Kanisa zima likamfuata.

Saa nane mama muuza sukumawiki, aliyekuja kumtafuta mteja wake, akatufungulia.

"Kwani mmefungwa?"

Mwenyekiti alitoka wa kwanza. "Leta bisibisi," akaniambia.

Tuliugeuza kabla ya kwenda kula. Neno likatazama nje, komeo likarudi ndani, na mwenyekiti akaiombea sadaka yangu pale kizingitini, miguu mitupu. Viatu, alisema, vilikuwa vinambana kwa joto.