Jiwe Lisilooshwa

Leocadio Zepeda na mkewe Hortensia, ambaye mji mzima wa Tacuba ulimwita Tencha, waligombana kwa miaka arobaini na mmoja juu ya jambo moja tu, nalo lilikuwa jiwe la kusagia. Katika mengine yote, majirani wanakubaliana, hawakuwahi kupandishiana sauti.

Kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, Tencha alipika pupusa, mikate ya mahindi iliyojazwa jibini, mlangoni pa nyumba yao. Leocadio, ambaye asubuhi alikuwa mtunza usafi katika kituo cha afya, alipeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, akakata kabichi ya kutia siki, na mwishoni akachuja mchuzi wa nyanya. Kinyunga, lile donge la mahindi yaliyosagwa, kiliporudi kutoka mashineni kikiwa bado na chenga, Tencha alipiga magoti akakipitisha tena kwenye jiwe mpaka kikaweza kupigwa kwa viganja bila kupasuka. Kisha juu ya jiwe lile lile, bila kulimwagia tone la maji, alisaga nyanya.

“Osha jiwe kwanza, Tencha.”

“Lina nini?”

“Lina mabaki ya kinyunga. Huo ni uchafu.”

“Kinyunga ndicho uchafu? Basi nimekulisha uchafu tangu tuoane, na tumbo hilo ndilo shahidi. Lete nyanya, mzee.”

Aliliosha baada ya mchuzi, wala si kabla. Leocadio alichuja huku akinung’unika.

Tencha alifariki dunia mwezi wa Oktoba, siku ya Jumanne, moyo uliposimama akiwa anaanika nguo. Siku ya maziko, watu walipokuwa bado wamesimama makaburini, Leocadio alitamka mbele ya wote kwamba sala ya mwaka itakapofika, watakula mlangoni pa Tencha, pupusa na mchuzi wake mwekundu, kwa mara ya mwisho. Mtaa ulikuwa na wanawake wengi wa kupiga pupusa. Kazi ya mchuzi alijiwekea mwenyewe. Alikuwa ameuchuja kwa miaka arobaini na mmoja, akadhani kwamba anaujua.

Viungo kweli alivijua. Nyanya kumi na mbili, zile ndefu zilizoiva mpaka kulainika, kitunguu maji kimoja, punje mbili za kitunguu saumu, pilipili hoho ya kijani, isiyowasha, chumvi, oregano kavu ya kusuguliwa kati ya viganja. Alizichemsha nyanya mpaka ngozi ikapasuka, akazisaga juu ya jiwe alilolisugua kwa brashi na sabuni, akachuja, akakaanga kwa mafuta kidogo. Mchuzi ulitoka mwekundu. Lakini alipoumimina sahanini, maji yalikimbilia pembeni, na wekundu ukabaki katikati peke yake. Ulikuwa mkali ulimini. Mchuzi wa Tencha ulitulia juu ya pupusa, ukaingia ndani taratibu.

Kila Jumamosi alipika upya, akapeleka bakuli dogo ukutani, kwenye ukuta mfupi uliotenganisha ua wake na wa Bi Eduviges. Huyu alikuwa mjane wa siku nyingi, kiongozi wa sala za wafu katika mtaa, mwanamke asiyejua kumbembeleza mtu. Alichovya kidole kidogo, akaonja, akatazama juu.

“Mzuri.”

“Mzuri kama wa Tencha?”

“Nimesema mzuri, Don Leo. Unataka nikuandikie cheti?”

“Nataka ukweli.”

“Ukweli ni kwamba shati lako lina nyanya mpaka kwenye kola. Wiki ijayo vaa aproni.”

Alijaribu kuongeza sukari. Alijaribu karoti, jani la bay, chungu kipya cha udongo, chungu cha zamani. Aliacha mbegu, akatoa mbegu. Kila alilofanya aliliandika katika daftari la shule, tarehe upande wa kushoto na matokeo upande wa kulia, na kurasa zile ninazo mbele yangu ninapoandika haya. Upande wa kulia, kuanzia Januari, kuna neno moja likirudiwa: “Maji.” Mwezi wa Juni hakuandika kitu isipokuwa mstari mmoja: “Nimeweka sahani mbili kwa kusahau.”

Pupusa hakupika hata siku moja. Alikula tortila, chapati nyembamba za mahindi, alizonunua kwa jirani wa ng’ambo ya barabara, na kwa hiyo kinyunga hakikuingia tena katika nyumba ile. Jiwe lilibaki kwa ajili ya nyanya pekee. Aliliosha kabla na aliliosha baada, na hakuna aliyembishia.

Wiki ya sala ilipofika, ilianza mvua isiyokatika. Ilinyesha tangu Jumanne. Alhamisi umeme ulikatika, mashine ya kusaga ikanyamaza. Bi Eduviges alisimama ukutani amejifunika nailoni.

“Don Leo, acha pupusa. Tupike tamali za unga wa mahindi kama watu wote.”

“Na tamali utazisagia nini?”

“Basi kahawa na mkate. Marehemu hatakasirika.”

“Nilisema mchuzi wake. Nilisema makaburini.”

“Ulisema, ndiyo. Na mvua nayo imesema.”

Ijumaa asubuhi mahindi yake yalikuwa tayari yamechemshwa kwa chokaa. Yakilala siku nyingine yangechacha. Wanawake walioahidi kuja walizuiwa na korongo lililojaa maji. Leocadio alitandika gunia sakafuni mbele ya jiwe, akapiga magoti pale ambapo mkewe alipiga magoti, akaanza kusaga mahindi yote kwa mkono. Kazi aliyoifanya mashine kwa dakika kumi ilimchukua mpaka adhuhuri. Alipitisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mabega yaliwaka moto, na magoti yakafa ganzi.

Alipomaliza, nyanya zilikuwa zimepoa kando yake ndani ya beseni. Pipa la maji lilikuwa uani, kwenye mvua. Alilitazama jiwe, jeupe kwa kinyunga, akautazama mlango. Hakuwa na nguvu za kusimama. Akaweka nyanya.

Aliona tangu mzunguko wa kwanza. Rangi ilififia kidogo, ikakaribia ile ya vigae vya zamani vya paa, na maji ya nyanya hayakukimbia. Yalishikwa, yakaja na kijiwe cha mkono mbele na nyuma. Alichuja, akakaanga, akatia oregano. Kwenye sufuria mchuzi ulianza kupumua polepole, kiputo kimoja kimoja. Alionja kwa kijiko cha mti.

Kigoda cha Tencha kilikuwa bado karibu na jiko. Leocadio alikigeukia, kijiko mkononi, mdomo tayari umefunguka kukiri kwamba ameshindwa, kwamba miaka arobaini na mmoja yote alikuwa amekosea. Kilikuwa na kikapu cha vitunguu juu yake. Akafunga mdomo. Alikaa sakafuni hivyo hivyo mpaka mafuta yakaanza kunukia kuungua, ndipo akainuka kuondoa sufuria motoni.

Jumamosi walikuja wanne tu, viatu mkononi. Baada ya sala, Bi Eduviges na wenzake watatu walipiga pupusa, Leocadio akamimina mchuzi. Wote walikula. Bi Eduviges alimaliza ya kwanza, akamwagia ya pili mchuzi mwenyewe, ndipo akasema bila kumtazama:

“Umeacha kuosha jiwe.”

Leocadio aliweka sahani chini. “Ulijua?”

“Hapa nani hajui?”

“Mwaka mzima nimekuuliza.”

“Uliniuliza kama ni mzuri.”

“Bi Eduviges.”

“Ningekwambia mara ya kwanza, Don Leo, Jumamosi zote zile ungeleta nini pale ukutani?” Akajipangusa mikono kwenye sketi. “Ongeza kabichi, hii imeisha.”

Walipoondoka, Leocadio alibandua utepe mweusi mlangoni, kama ilivyo desturi mwaka ukitimia. Kisha akalibeba jiwe mpaka uani, akaliosha kwenye mvua, baada ya mchuzi, kwa wakati wake. Maji yalitoka mekundu hafifu, halafu meupe, halafu safi. Daftarini, upande wa kulia, aliandika: “Ndiyo.” Kurasa zinazofuata ni tupu.

Jumamosi iliyofuata alipika tena, kwa kipimo kile kile cha nyanya kumi na mbili, kwa kuwa hakujua kupika kidogo. Hakukuwa tena na la kuuliza. Mchuzi ulipoa mezani mpaka alasiri. Mwishowe akachota bakuli, akaliweka juu ya ukuta, akasimama.

“Leo kuna nini?” aliuliza Bi Eduviges kutoka jikoni kwake.

“Hakuna kitu. Umebaki mwingi.”

Upande wa pili ikasikika sauti ya kiti kikiburutwa kuelekea ukutani.