Mpango wa Veronika

“Na huyo mtoto mwenye kipaji, utamtambuaje?”

Afisa Elimu wa Wilaya aliniuliza hivyo asubuhi yangu ya kwanza ofisini Mbulu, kabla hata hajaniambia nikae. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya saikolojia ya elimu, nikamtajia sifa kama nilivyozikariri: udadisi, wepesi wa kuelewa, kumbukumbu. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Hizo ni sifa, binti yangu. Mimi nimeuliza utamtambuaje.”

Alinipa meza karibu na mlango, na kazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifanya pale: kuandaa mipango binafsi ya ujifunzaji. Mpango wa namna hiyo ni karatasi ya mtoto mmoja, inayoeleza anajua nini, atafundishwa nini tofauti na wenzake, na nani atampima. Walimu waliokuwa na watoto themanini darasani walicheka waliposikia, na sikuwalaumu.

Nilianzia kata ya Daudi. Nilimwomba mwalimu mkuu wa shule moja aniteulie wenye vipaji, akaniletea watano: wawili wake mwenyewe, mmoja wa katekista, na wawili waliokuwa na viatu. Nikamuuliza amewapimaje.

“Si unawaona wanavyojieleza?”

Tangu siku hiyo sikukubali uteuzi wa mwalimu yeyote. Nilitunga jaribio langu, lote la mafumbo: mzee ana ng'ombe kadhaa, anagawa, anabadilishana na jirani, wamebaki wangapi, na ueleze umepataje. Sikuweka hesabu ya namba tupu hata moja. Niliamini kwamba namba tupu hupima kukariri.

Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha nilihamishiwa Hanang, nikapewa shule za upande wa Gendabi. Katika mojawapo, darasa la tano, msichana mmoja aitwaye Veronika alipata mafumbo yote. Nilileta jaribio jingine, akapata yote tena. Baba yake alikuwa mkulima wa mahindi na mbaazi, mtu wa kanisani. Veronika alibanana dawati moja na wasichana wengine wawili. Aliyekuwa katikati, Udamis, alitoka familia ya wafugaji wa Kidatoga. Karatasi ya Udamis ilikuwa na jina lake tu.

“Huyu namba anaziweza,” mwalimu wa darasa aliniambia. “Maneno ndiyo yanamshinda.”

“Namba tupu ni kukariri, mwalimu,” nikamjibu.

Nilimwandikia Veronika mpango. Mwalimu Mkuu, mzee aliyebakiza miaka michache astaafu, aliusoma mara mbili, akatoa masharti. Veronika angesoma hesabu peke yake kwa vitabu vya darasa la saba. Akifaulu majaribio mawili, angeombewa kurushwa darasa, yaani aliruke la sita. Akishindwa angerudi alikotoka, na mpango wa namna hiyo usingeletwa tena shuleni kwake. Baba yake aliweka sahihi haraka. Alisema dada zake Veronika waliolewa wote kabla ya kumaliza shule. Huyu akimaliza mapema, waposaji watamkuta yuko sekondari.

Chumba hakikuwepo, kwa hiyo alisomea stoo, kati ya majembe na magunia ya mahindi ya uji. Wenzake wakampa jina: Profesa wa Majembe.

Katika jaribio la kwanza alikosa karibu yote.

“Mwalimu,” Mwalimu Mkuu akaniambia akinirudishia karatasi, “kipaji chako kimegoma kupita mlango wa stoo?”

Nilimwita Veronika.

“Naomba nirudi kwenye dawati langu, madam.”

“Kwa nini?”

Akainama. “Huku kuna panya.”

Nikaazima paka wa mpishi wa uji. Paka alifanya kazi yake vizuri, na jaribio la pili likawa baya kuliko la kwanza. Katika taarifa niliandika kwamba mwanafunzi ana wasiwasi wa mtihani.

Wiki hizohizo Udamis aliacha kuja. Kwenye daftari la mahudhurio mwalimu wa darasa aliandika utoro, akaniambia watu wake watakuwa wamehama na ng'ombe. Mimi nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu. Hilo sikulihoji.

Mpango ukafungwa. Baba yake Veronika alisema tu, “Mungu ndiye anajua, mwalimu,” akanipa mbaazi za kupeleka nyumbani. Veronika hakuchaguliwa kwenda sekondari.

Baadaye nilihamia Babati, ofisi ya mkoa, nikawatumikia maafisa elimu watatu. Wa pili alinituma kuandika mwongozo kwa walimu. “Ufupishe,” alisema. “Uwe wa kusomwa chai ikisubiri kuchemka.” Niliufupisha. Ninyi mnaoanza kazi leo mkiniuliza kama mipango yetu ilisaidia watoto, nitawajibu kwamba ushahidi nilionao ni kuwa iliandikwa.

Nilikuwa nimeshastaafu nilipoingia duka la dawa za mifugo Katesh, mwanamke nyuma ya kaunta akanitazama sana.

“Shikamoo, madam. Mimi ni Veronika wa Gendabi.”

“Marahaba, mwanangu!”

Tukaongea. Nilimuuliza kilichompata kule stoo, akacheka hadi akashika kaunta.

“Madam, mimi hesabu nilikuwa sijui! Nilikuwa najua Kiswahili. Nasoma swali, namnong'oneza Udamis kwa Kidatoga, ananipa jibu na njia, naandika.”

“Mbona karatasi yake ilikuwa tupu?”

“Tuliona moja inatosha.”

“Na watu wake walihamia wapi?”

Akaacha kucheka.

“Hawakuhama, madam. Boma lao lilikuwa palepale, ng'ambo ya korongo. Uliponipeleka stoo, hakubaki mtu wa kumtafsiria anachosema mwalimu. Alikaa siku nne. Ya tano akabaki nyumbani.”