Gari la Mazishi Lililorudi Kinyumenyume

Katika mji wa Kolašin, ukifa, utapelekwa makaburini na Gojko, upende usipende. Gari la mazishi lilikuwa moja tu mjini, jeusi, refu, naye alilipenda kuliko mashemeji zake wote. Shida ilikuwa matairi. Aliyachagua ya kiangazi, mapana, yanayong'aa, kwa sababu tu yalilipendezesha gari.

"Theluji inakuja, baba," mkewe Stanojka alimwambia Novemba ilipoingia. "Hayo ni matairi ya kwendea baharini."

"Mimi nimezaliwa kwenye theluji."

"Wewe, sawa. Matairi je?"

Gojko akatoka nje kuliosha gari.

Jumamosi alizikwa mzee Tadija. Asubuhi mvua ilinyesha, mchana ikageuka theluji ya majimaji. Makaburi yako juu ya mlima, nyuma ya kanisa. Gari likatangulia, watu wakafuata kwa miguu, padri na mjane Jevrosima mbele yao. Katikati ya mlima matairi yakaanza kuzunguka palepale. Gojko akaongeza moto. Gari likatikisa makalio, kisha polepole, kwa heshima zote, likaanza kurudi.

"Jamani, anarudi huyo!"

Waombolezaji wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Padri, mtu mnene ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alikunja joho akaruka ua wa shamba la miplamu. Gojko alikanyaga breki mpaka akainuka kitini, gari halina habari naye. Likateremka, likakata kona lenyewe, likajibwaga kwenye rundo la kuni mbele ya kilabu alimokuwa akinywa Tadija kila jioni.

Jevrosima akashuka akishikilia kuta, akafungua mlango wa nyuma, akagonga jeneza kwa fimbo.

"Tadija! Hata leo?"

Akaanza kucheka, machozi yakimtoka, na msiba mzima ukacheka naye. Mwenye kilabu akawapa wanaume rakija, pombe kali ya kutia joto, wakalibeba jeneza mabegani. Gojko akapanda nyuma yao kwa miguu, akitamani angekuwa yeye ndani ya lile sanduku.

Jumatatu alikwenda kwa Zagorka, mwanamke mwenye gereji ya matairi.

"Nilikuwepo mlimani," Zagorka akasema. "Miba ya ule ua bado ninayo makalioni."

"Cheka ukimaliza uniuzie. Nipe yale yenye meno makubwa."

"Meno hata msumeno unayo. Minya hili." Akamshika kidole gumba, akakididimiza kwenye mpira. "Baridi ikishika, ule wako unakuwa ubao. Huu unabaki laini. Mifereji hii inatoa maji, usije ukaelea kwenye mvua. Hivi vipasuo vidogo ndivyo vinavyong'ata theluji. Na ubavuni, ona, umechorwa mlima wenye chembe ya theluji ndani. Usipouona huo, usinunue."

"Basi nipe mawili, ya nyuma."

"Manne! Mbele ikikataa kukata kona, utatuzika wangapi?"

"Lakini ni membamba, Zagorka. Gari litaonekana kama bibi harusi aliyevaa gambuti."

"Abiria wako wanalala chali. Hawayaoni."

Akafunga manne.

Arobaini ya Tadija ilipofika, theluji ilikuwa magotini. Jevrosima akapiga simu.

"Gojko mwanangu, nipeleke makaburini kwa lile gari lako."

"Mama, lile ni la wafu."

"Na wewe unayekaa mbele, umekufa?"

Akapanda mbele, sahani ya ngano ya kuchemsha ya kumkumbukia marehemu mapajani. Mlimani Gojko akaweka gia ya pili, hakugusa breki, masikio yakimwaka moto. Matairi yakatafuna theluji, kru, kru, kama farasi anayekula shayiri, yakapanda. Padri, aliyekuwa akisubiri nje ya kanisa, alipoona gari linakuja akajificha nyuma ya mnara wa kengele, akatoka tu liliposimama na kuzimwa.

Wakamwombea Tadija, wakala ngano. Wakati wa kurudi Jevrosima akashusha kioo, baridi yote ikaingia.

"Pitia sokoni," akaamuru. "Polepole, majirani wanione."